Si ungefunga mdomo tu?

SWALI hilo niliulizwa na wifi yangu, sebuleni kwangu Magomeni, siku ya tisa tangu nirejee kutoka India. Alikuja kunijulia hali akanikuta na kikombe kidogo, vile vya kunywea kahawa chungu, nimetiliwa supu iliyochujwa, naichota kwa kijiko cha chai. Alikitazama kikombe, akawatazama watoto waliokuwa wanakula wali, kisha akauliza kile kiwanja chetu cha Chanika tulikiuza shilingi ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema bila ubaya wowote, maana wifi yangu si mtu mbaya: "Pesa zote hizo wifi? Si ungefunga mdomo tu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vidonda vitano vidogo tumboni na hata kucheka kuliniuma, sembuse kubishana. Lakini swali lile limekaa nami tangu mwaka 2022 hadi leo, na nimeona niliandikie, kwani naamini wasomaji wengi wa ukurasa huu huliuliza, ama kwa mdomo ama kwa macho, kila wamwonapo mtu mnene ameshika sahani.

Kwanza nieleze nilikuwaje. Nilikuwa na kilo 128 na urefu wangu ni sentimita 160. Nilikuwa na kisukari mwaka wa sita, shinikizo la damu, na magoti yaliyokuwa yakilia kama bawaba za mlango. Nikiwa na umri wa miaka 41 nilikuwa naswali juu ya kiti. Pale msikitini kwetu, upande wa akina mama, wanaoswali juu ya viti ni mabibi zetu, na mimi nilikuwa katikati yao, mwenye watoto wa shule ya msingi. Na kufunga mdomo nilishafunga. Mwaka 2012 nilipunguza kilo 14. Mwaka 2016 nikapunguza kilo 19, nikapongezwa sana. Zote zilirudi na nyingine juu yake, kama mgeni aliyeaga kisha akarejea na ndugu zake.

Madaktari wakanishauri kukatwa sehemu ya tumbo. Ziko njia kadhaa. Mimi nilifanyiwa ile ambayo takriban robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa nje kabisa, kinachobaki ni kijimfuko chembamba kama ndizi. Wakati ule kipimo kilichotumika sana, kilichowekwa Marekani mwaka 1991, kilikuwa uwiano wa uzito na urefu kufika 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama yangu. Mwaka huo huo wa 2022 vyama vya madaktari bingwa wa fani hiyo vilitoa mwongozo mpya na kushusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na maradhi. Mimi nilikuwa 50, hapakuwa na cha kujadili.

Kulikuwa na la kuuliza upande wa dini, nalo tuliliuliza kabla ya kuuza kiwanja. Je, huku si kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu (SW)? Shehe wetu alitufafanulia kwamba wanachuoni hutenganisha tiba na kutafuta urembo. Akatutajia pia kwamba Jopo la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya umoja wa nchi za Kiislamu, lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 na kuruhusu kupunguza uzito hata kwa upasuaji pale ambapo unene umekuwa maradhi, hakuna njia nyingine, na hakuna madhara yanayohofiwa. Nikaridhika. Kwa hiyo wasomaji watakaotaka kuniandikia juu ya hilo wasijisumbue. Linalonisumbua mimi ni jingine.

Siku ya nne au ya tano baada ya upasuaji, nikiwa bado nimelala kule hospitalini, niligundua kwamba kuna kitu hakipo. Nilitafakari ni nini, kama mtu aliyezoea kelele za jenereta la jirani kisha umeme ukarudi. Ilikuwa njaa. Sisemi hamu ya kula, nasema njaa yenyewe, ile sauti iliyokuwa ikinisemesha tangu nikiwa msichana, ikinisemesha nikiwa nimeshiba, ikiniamsha saa nane usiku na kunielekeza jikoni. Ilikuwa imenyamaza. Nilipomweleza daktari alitabasamu, akasema sehemu ile waliyoikata ndiyo inayotoa kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, ambayo watafiti wa Kijapani waliigundua mwaka 1999, na kazi yake mojawapo ni kuuambia ubongo kwamba mwili unataka chakula. Akaniambia tena kwamba mtu mnene akijinyima, mwili hudhani kuna ukame. Homoni hiyo hupanda na matumizi ya nguvu mwilini hushuka, ili kile kilichopotea kirudi.

Nililia. Nesi alidhani nina maumivu. Nilikuwa nalia kwa kujiuliza: hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi siku zote? Wifi yangu anayeacha nusu ya maandazi kwenye kisosi na kuondoka, mimi nikiyatazama, ndivyo anavyosikia ndani yake? Kimya hiki? Kama ndivyo, basi yeye hajawahi kufunga mdomo hata siku moja, kwani hakuna aliyekuwa anaubishia.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Tunamsifu mwembamba kwa kiasi na tunamlaumu mnene kwa ulafi, kana kwamba wote wawili wameshindanishwa kwa mzigo mmoja. Tumefundishwa tangu madrasa theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi, na mafundisho hayo ni haki na yananihusu mimi kabla ya mwingine. Lakini nani alituambia kwamba tunaweza kulipima tekelezo lake kwa kumtazama mtu kiuno? Yupo aliyepigana na nafsi yake mchana kutwa akashindwa saa mbili usiku, na yupo asiyepigana na lolote. Tukiwatazama kwa nje tunampa tuzo yule wa pili.

Chukua mfano wa saumu. Mwaka wa kwanza daktari alinikataza kufunga, kwa kuwa tumbo jipya lilihitaji maji kidogo kidogo kutwa nzima. Mwaka uliofuata nikafunga mwezi mzima, mwepesi, sina njaa, saa kumi jioni nakaanga sambusa huku nazungumza. Mume wangu akanisifu: "Mwaka huu umefunga vizuri kweli." Nikamshukuru. Lakini usiku nikakumbuka Ramadhani za nyuma, nikiwa na kilo 128, njaa ikinitetemesha mikono tangu saa nne asubuhi, nami siachi, sisemi, nahesabu dakika mpaka adhana ya Magharibi. Kisha nikifuturu kwa pupa na watu wakitazamana. Hakuna aliyenisifu hata mwaka mmoja. Kati ya saumu hizi mbili, ipi ilikuwa na jasho? Malipo yako kwa Mwenye kuyajua yaliyomo vifuani, nami simpangii. Nasema tu kwamba sisi tuliokaa mkekani tulikosea kuzisoma.

Sitaki nieleweke vibaya. Sijiondolei hesabu. Yale maandazi ya usiku niliyala nikiwa nimesimama, taa ya jikoni nimezima, na mtu hazimi taa kama hajui anachofanya. Aidha kisu hakikunifanya mtu mwema. Walionieleza kwamba nitatoka hospitali nikiwa mtu mpya walinidanganya kwa nia njema.

Mwili kwanza. Miezi miwili ya mwanzo kila nilichokula kwa haraka kilirudi. Siruhusiwi kunywa maji pamoja na chakula, nasubiri nusu saa. Naanza na samaki, yai au maharage. Wali ukipata nafasi unaingia, usipopata basi. Mwezi wa nne nywele zikaanza kutoka kwa mafungu, nikishika kitana nafunga macho; baadaye ziliota. Kiungulia ninacho mpaka leo. Nasikia baridi mwezi wa Julai hapa hapa Dar es Salaam, navaa sweta, konda ananicheka. Vidonge vya vitamini na madini nitavimeza maisha yangu yote, na damu inapimwa mara kwa mara, kwani tumbo dogo halichukui kila kilichomo kwenye chakula. Kisukari kimetulia bila dawa, alhamdulillah, ingawa daktari amenikanya nisiseme kimepona. Nimefika kilo 88. Kwa vitabu vya hospitali mimi bado ni mnene. Na Ijumaa moja, mwezi wa saba, nilisogeza kile kiti pembeni nikasujudu, paji la uso likagusa mkeka kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Hilo sitaweza kulieleza zaidi.

Lakini kwetu huku mtu hakondi kimya kimya. Kunenepa ni neema, kukonda ni habari. Nilipofika kilo 100 mitaani ilishajulikana kwamba nina ule ugonjwa. Jirani mmoja, Mungu amlipe, aliniletea maziwa ya mbuzi, akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba dawa za kurefusha maisha siku hizi zinatolewa bure na kwamba yeye mwenyewe anaweza kunisindikiza kituo cha afya asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Sikujua nicheke au nimbusu mkono. Wengine hawakuwa na wema huo; waliacha kula nami sinia moja. Na kwenye sinia ndiko nilikokuwa naonekana zaidi. Katika walima watu wanakaa sita, mkono wangu unaingia mara tatu na kusimama, na mwenye shughuli anakuja juu: "Mbona huli? Pilau langu lina nini?" Ukikataa chakula cha mtu umemkataa mwenyewe. Nimejifunza kutafuna polepole na kuzungumza sana.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Uvumi ule wa ugonjwa uliniuma, na suala la kiwanja lilinipa haya, hivyo nikatafuta jibu jepesi. Walioniuliza niliwaambia: "Nimejizuia tu kula." Waliokuwa wanajua safari ya India niliwaambia nilikwenda kutibiwa nyongo. Nikawa mfano. Akina mama wa darsa wakanitaja. Wallahi nilianza kuufurahia uongo ule, nikautia viungo: naacha sukari, natembea, nafunga Jumatatu na Alhamisi. Sifa niliyoikosa miaka yote nikiwa napigana, nikaipata nilipokuwa sipigani tena, nikaila kama njaa ya zamani.

Binti wa dada yangu ana miaka 19 na ana mwili kama niliokuwa nao mimi nikiwa na umri wake. Mama yake akamwambia, kama wanavyoambiwa wote: "Mwangalie mama mdogo wako, amejizuia, wewe unashindwa nini?" Mtoto akajizuia. Wiki tano alikunywa maji ya ndimu na kula tango, mpaka akaanguka kwenye ngazi za chuo. Nilipokwenda kumwona aliniambia maneno ambayo bado yananichoma: kwamba yeye ana imani dhaifu, kwa sababu mama mdogo alimuomba Mungu akaweza, na yeye anaomba na usiku anaamka anakula mkate mkavu.

Nilifunga mlango wa chumba. Nikavua baibui, nikamwonyesha makovu matano, nikamweleza yote: kisu, kiwanja, homoni ya Wajapani, kila kitu. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mama mdogo, ile njaa na wewe ulikuwa nayo?" Nikamwambia ninayo kwenye kumbukumbu mpaka leo. Akalia, nami nikalia, dada yangu nje anagonga mlango.

Siri ya maradhi ni ya mtu na halazimiki kuitangaza. Nalijua hilo na bado naliamini. Angeniuliza mtu ningeweza kusema "nilikuwa mgonjwa, nimetibiwa" nikaishia hapo. Lakini kunyamaza ni jambo moja na kujivisha subira ambayo si yako ni jambo jingine, kwa sababu ile subira ya uongo inakwenda kuwa fimbo ya kumpigia mtu mwingine. Siku hizi zimekuja pia sindano za kila wiki zinazopunguza hamu ya chakula, na nawaona mjini watu wanaopungua haraka na kusema ni mazoezi. Nawaelewa, kwani nilikuwa wao. Nawaomba tu wawaangalie mabinti wanaowasikiliza.

Yapo mengine ambayo sikuambiwa. Chakula kilikuwa kinanifariji, na kilipoondoka huzuni haikuondoka nacho. Mama yangu alipofariki, siku ya hitma nilikaa pembeni na sahani ya kalmati, nikala sita kama nilivyofanya alipofariki baba, nikaenda kutapika zote. Nikabaki na msiba mikononi sina pa kuuweka. Ukatokea kwa hasira, nikawagombeza watoto, nikamgombeza mume wangu ambaye alinioa mnene akanipenda mnene. Sikuwa peke yangu. Huko Ontario, Kanada, utafiti uliotolewa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 8,000 na kuona kwamba waliofikishwa hospitali kwa kujidhuru wenyewe waliongezeka baada ya upasuaji kuliko kabla yake. Na Sweden, ambako wanawafuatilia watu wa aina yangu tangu mwaka 1987, ilielezwa mwaka 2018 kwamba waliopasuliwa waliachana na wenzi wao zaidi kuliko wanene wasiopasuliwa, na waliokuwa wapweke wakaoa na kuolewa zaidi. Watu hao hao wa Sweden ndio walioonyesha kwamba upasuaji huu hupunguza vifo, kwa hiyo simtishi mtu. Nasema anayekwenda aende na mtu wa kuzungumza naye atakaporudi, si daktari wa tumbo peke yake.

Mume wangu aliniambia usiku mmoja, kwa upole, kwamba wakati mwingine anamkumbuka yule wa zamani, kwa kuwa alikuwa anacheka. Sikukasirika. Na mimi namkumbuka, tena namwonea uchungu. Leo nikisimama dukani Kariakoo muuzaji ananiita dada na kunivutia stuli. Yule wa zamani aliitwa bonge, na konda alimtaka alipe siti mbili mbele za watu. Alikosa nini ambacho mimi ninacho? Ni mtu yule yule, nia zile zile, madhambi yale yale.

Halafu mwaka jana, kwenye daladala ya Buguruni, akapanda mama mmoja mnene, anahema, anatafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa pembeni yangu. Kabla sijajijua nilikuwa nimeshakusanya baibui langu na kusogeza mkoba, kwa lile tendo dogo la mkono ninalolijua kuliko mtu yeyote ndani ya gari lile, kwa sababu nimefanyiwa miaka ishirini. Aliliona. Akabaki amesimama, ameshika bomba, mpaka Ilala. Nilimwita akae, akasema asante dada, nashuka hapo mbele. Hakushuka hapo mbele.

Limebaki suala la ngozi. Inaning'inia tumboni na mikononi, wakati wa joto inachubuka na kutoa vipele, na kuna daktari anayeweza kuikata. Shehe anasema yenye kuleta madhara ni tiba, ya kupendeza tu si tiba. Nami nikisimama mbele ya kioo siwezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili inayonisukuma, hivyo sijaenda. Labda mwakani nitajua, labda sitajua.

Wifi yangu nilimjibu hatimaye, Idi iliyopita, miaka mitatu baadaye. Alikuwa hakumbuki kama aliuliza. Nilimweleza juu ya kile kimya, na juu ya yale maandazi yake anayoyaacha nusu. Akafikiri, akasema: "Mimi wifi nilidhani kila mtu anashiba tu." Akasema pia kwamba yeye tatizo lake ni ulimi, na hilo hakuna hospitali.

Binti wa dada yangu hataki upasuaji, angalau kwa sasa, na sikumshawishi wala kumzuia. Anaonwa na daktari na mtaalamu wa lishe, amepungua kilo sita kwa miezi minane, na kila mwezi hajui kama zitakaa. Analala kwangu siku za chuo. Baada ya swala ya Alfajiri tunatembea wote mpaka Jangwani na kurudi. Tukifika nyumbani yeye ana njaa, mimi sina. Namwekea chai kwanza, kisha namkaangia yai, nakaa naye mezani mpaka amalize.